Kufuga Kuku Wachache wa Mayai Nyumbani, Hatua kwa Hatua

Faida kubwa ya kufuga kuku wachache ni kwamba unawajua mmoja mmoja. Mwenye kuku elfu hugundua tatizo pale trei za mayai zinapopungua. Wewe mwenye kuku wanane utaligundua asubuhi hiyohiyo, kwa kuwa yule ambaye kila siku hutangulia kutoka leo amebaki juu ya fito, manyoya yamemsimama. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inategemea jicho hilo. Kundi kubwa huhitaji mitambo na dawa nyingi kwa sababu hakuna anayeweza kumtazama kila kuku. Wewe unaweza, na ndiyo maana kundi dogo likitunzwa vizuri hutoa mayai kwa utulivu na vifo vichache.

Nitatumia kuku wanane kama kipimo, kundi linalomfaa anayeanza. Ukitaka watano au kumi na wawili, badilisha hesabu tu.

Kabla ya kutumia fedha yoyote, ulizia kama kanuni za mahali unapoishi zinaruhusu kufuga kuku, na kama zinaruhusu jogoo. Kwa mayai ya kula humhitaji jogoo: kuku hutaga bila yeye, ila mayai hayo hayataanguliwa.

Hatua ya kwanza: jenga banda kabla ya kununua kuku

Kuku wanane wanahitaji nafasi ya ndani isiyopungua mita mbili za mraba, na uwanja wa nje wenye angalau mita moja ya mraba kwa kila kuku. Ukiweza kuzidisha, zidisha. Msongamano huleta kudonoana, na kuku wakishaonja damu ya mwenzao, kazi ya kuwaachisha ni kubwa.

Wengi huwaogopea kuku baridi, wakaziba banda kila upande. Kuku mzima mwenye manyoya kamili hustahimili baridi vizuri; kinachomdhuru ni unyevu na hewa nzito. Ziba sehemu ya chini ya kuta ili upepo usimpige moja kwa moja akiwa amelala, kisha sehemu ya juu, kupita usawa wa kichwa chake, iache wazi na uiwekee wavu. Ili ujue kama hewa inatosha, ingia bandani asubuhi kabla hujafungua mlango mkubwa, uchuchumae mpaka pua ifike usawa wa kichwa cha kuku, uvute pumzi. Ukisikia harufu kali inayowasha macho, basi kuku wako wameivuta usiku kucha, na mafua hayako mbali. Ongeza hewa na ubadilishe matandiko siku hiyohiyo.

Wavu mwepesi wa matundu makubwa humzuia kuku kutoka, lakini haumzuii mnyama kuingia. Tumia wavu mgumu wa matundu madogo yasiyozidi sentimita moja na nusu, na uufukie chini kiasi cha sentimita thelathini, au uukunje kuelekea nje ukauwekea mawe, ili wanaochimba wakwame. Kitasa kiwe cha kufungwa kweli; kipande cha kamba hakitoshi.

Sakafuni tandaza maranda ya mbao au majani makavu yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita kumi hivi. Yageuze kila baada ya siku chache na uondoe palipolowa, hasa kuzunguka chombo cha maji.

Kuku hulala juu. Wawekee fito zenye upana wa sentimita nne hadi tano, kingo zimelainishwa, kila kuku apate sentimita ishirini hadi ishirini na tano. Kwa wanane ni mita mbili. Fito ziwe juu kuliko viota. Ukikosea hapo, kuku watalala kwenye viota, watavichafua usiku, na kila asubuhi utaokota mayai yenye kinyesi. Viota viwili vinatosha, sentimita thelathini kila upande, vikiwa mahali penye giza kidogo na utulivu. Usishangae wote wakikipenda kimoja na kukipigania huku cha pili kiko wazi, ndivyo walivyo.

Hatua ya pili: chagua kuku na umri wao

Machotara waliozalishwa kwa ajili ya mayai, kama ISA Brown au Lohmann Brown, wanaweza kutaga karibu mayai mia tatu katika mwaka wao wa kwanza wa kutaga, mradi wapate chakula kamili. Kuku wa kienyeji hutaga machache zaidi, huatamia mara kwa mara, lakini ni hodari wa kujitafutia na kuikwepa hatari. Katikati wapo kina Rhode Island Red na Australorp, wanaotaga vizuri na kuvumilia. Ukiwa na chakula cha uhakika na uwanja mdogo, chukua chotara. Ukiwa na eneo kubwa la kuku kuzurura, kuku mgumu atakufaa zaidi.

Kwa anayeanza, nashauri mitetea ya wiki kumi na sita hadi kumi na nane. Ni ghali kuliko vifaranga, lakini umeepuka wiki za hatari zaidi, na watakuwa wamezoea banda lako kabla ya yai la kwanza, ambalo kwa kawaida huja kati ya wiki ya kumi na nane na ya ishirini na mbili. Muulize muuzaji wamechanjwa nini na lini, uandike. Mshike kila mmoja: macho yawe angavu, pua kavu, manyoya ya nyuma safi, miguu imenyooka, na kidari kiwe na nyama pande zote za mfupa.

Ukichagua vifaranga, jambo la kwanza ni joto. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi pale walipo, kisha unapunguza nyuzi tatu hivi kila wiki mpaka manyoya yakamilike. Zaidi ya kipimajoto, watazame wenyewe. Wakirundikana chini ya taa wakilia kwa sauti kali, wana baridi. Wakijitenga pembeni wakihema midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika, wengine wakila na wengine wamelala, umepatia. Katika machotara kama ISA Brown jinsia hujulikana siku ya kuanguliwa, kwani mitetea huwa ya kahawia na majogoo meupe, kwa hiyo hakuna sababu ya kuuziwa majogoo bila kujua.

Hatua ya tatu: chakula na maji

Kuku anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Wanane watamaliza karibu kilo moja. Mpe kila umri chakula chake: cha vifaranga hadi wiki ya nane, cha kukuzia hadi karibu na kutaga, kisha chakula cha kuku wa mayai, chenye protini asilimia 16 hadi 18 na kalisi, madini yanayojenga ganda na mifupa, ya asilimia 3.5 hadi 4. Usimpe kifaranga chakula cha kuku wa mayai. Kalisi hiyo humwelemea figo, na madhara yake hayarudishiki.

Kuchanganya chakula nyumbani kunawezekana, lakini kwa kuku wanane sikushauri. Mahindi, pumba na mashudu hupatikana. Kinachokosekana ni vitamini, madini na uwiano wa protini, na mizani ya jikoni haitakusaidia kuvijua. Nunua kilichokwisha kuchanganywa, kiasi cha kumalizika ndani ya mwezi mmoja, ukiweke juu ya ubao pakavu kwenye pipa lenye mfuniko. Chakula kilichoota ukungu kitupe chote. Usichambue ukitafuta sehemu nzuri: sumu ya ukungu, yaani sumukuvu, haionekani kwa macho na haiondoki kwa kuanika.

Mboga za majani, maganda ya matunda na mabaki ya jikoni ni nyongeza nzuri, yasizidi sehemu moja ya kumi ya mlo. Wape mchana, baada ya kuwa wamekula chakula chao, la sivyo watashiba majani na mayai yatapungua. Usiwape parachichi, hasa ganda na kokwa, wala maharage makavu yasiyopikwa, viazi vyenye rangi ya kijani, au chakula chenye chumvi nyingi.

Kuhusu maji nasema kwa msisitizo wote nilio nao. Sehemu kubwa ya yai ni maji. Kuku akikaa saa kadhaa za mchana bila maji, mayai yanaweza kupungua kwa siku kadhaa zinazofuata, na mfugaji ataanza kutafuta dawa ilhali tatizo lilikuwa ndoo iliyopinduka. Kuku mmoja hunywa robo lita hivi kwa siku, na joto likipanda anaweza kunywa maradufu. Kwa wanane weka lita tano kwenye vyombo viwili, ili kimoja kikimwagika kingine kibaki. Viwe kivulini, midomo yake ilingane na mgongo wa kuku, na uvioshe kila siku kwa kuvisugua. Pitisha kidole ndani ya chombo: ukigusa utelezi, hakijaoshwa.

Hatua ya nne: lilinde ganda

Yai moja hujengwa kwa takribani saa ishirini na tano, na karibu saa ishirini kati ya hizo ni za kutengeneza ganda. Kazi kubwa ya ganda hufanyika usiku, kuku akiwa amelala na hali kitu. Ganda moja lina gramu mbili hivi za kalisi. Usiku ule anaitoa wapi? Kwanza kwenye kilichobaki tumboni, kisha kwenye mifupa yake mwenyewe. Kuku asiyepata kalisi ya kutosha hataacha kutaga mara moja. Ataendelea akijila mifupa, mpaka siku moja umkute hawezi kusimama.

Kwa hiyo, mbali na chakula chake, weka chombo kidogo cha pembeni chenye kombe za baharini au mawe ya chokaa yaliyovunjwavunjwa, chembe za ukubwa wa punje ya mchele hivi. Usitumie unga. Unga hupita upesi, lakini chembe kubwa hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha, saa zilezile zinazohitajika. Usiichanganye na chakula, waachie wachague. Utaona jioni, kabla ya kupanda fito, wale wanaotaga wakikiendea chombo hicho wenyewe. Maganda ya mayai nayo yanafaa yakikaushwa vizuri motoni na kusagwasagwa mpaka yasifanane tena na yai.

Chokaa si changarawe. Changarawe ngumu ndiyo meno ya kuku, humsagia nafaka ndani ya firigisi. Anayezurura hujiokotea, aliyefungiwa mpe.

Ganda likilainika ghafla wakati wa joto kali, kalisi yaweza kuwapo na tatizo likawa kuhema. Kuku hatoi jasho. Hujipoza kwa kuhema mdomo wazi, na kuhema sana humpotezea hewa ya kaboni dioksidi ambayo mwili huitumia kutengeneza ganda. Hapo dawa ni kivuli, maji baridi na upepo.

Hatua ya tano: mwanga

Kuku hutaga kwa kufuata urefu wa siku. Saa kumi na nne hadi kumi na sita za mwanga ndizo zinazompa utagaji mzuri, na siku zikifupika wengi hupunguza au husimama. Ukiamua kuongeza kwa taa, iwe taa hafifu tu, na uiwashe alfajiri kabla ya jua. Ukiiweka jioni ikazimika ghafla, kuku watabaki gizani chini, wasiione fito. Ukishaongeza saa usizipunguze ovyo, maana huuambia mwili wa kuku kwamba msimu wa kutaga umekwisha. Mitetea ambayo haijafika wiki ya kumi na saba isiongezewe mwanga. Kuku anayeanza kutaga kabla mwili haujakomaa huumia.

Hatua ya sita: kuokota na kuhifadhi mayai

Weka yai la mbao au la plastiki kwenye kila kiota kabla ya yai la kwanza, ili mitetea wajue mahali pake. Mayai ya mwanzo huwa madogo, mengine hayana kiini. Hilo ni la kawaida.

Mengi hutagwa kabla ya adhuhuri. Okota mara mbili kwa siku, mara tatu wakati wa joto. Yai linaloachwa muda mrefu huvunjika, na yai lililovunjika humfundisha kuku kula mayai. Akishajifunza, mhamishie kwenye kiota chenye giza na sakafu ya mteremko ili yai libingirike mbali naye, na uhakikishe kalisi na protini zinatosha.

Yai lina utando mwembamba nje unaoziba vinyweleo vya ganda. Ukiliosha unauondoa, hivyo lifute tu kwa kitambaa kikavu. Lililochafuka sana lioshe kwa maji yenye joto kuliko yai lenyewe, maana maji baridi huvuta uchafu ndani, kisha lile uliloosha ndilo litumike kwanza. Hifadhi pa baridi, ncha nyembamba ikiwa chini. Ukitilia shaka, litumbukize majini: likilala ni jipya, likisimama lina umri, likielea liache.

Hatua ya saba: kinga na ukaguzi wa usiku

Kideri, wengine huita mdondo, hakina tiba. Kuku huhara kijani, huhema kwa shida, wengine hupinda shingo, na kundi zima laweza kwisha kwa siku chache. Chanjo ndiyo kinga, na hurudiwa, mara nyingi kila baada ya miezi mitatu. Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoshambulia kinga ya vifaranga, huchanjwa katika wiki za mwanzo, ndui karibu wiki ya sita hadi ya nane kwa kuchomwa kwenye ngozi ya bawa. Ratiba kamili mwachie mtaalamu wa mifugo akupangie, kwa kuwa magonjwa yaliyopo hutofautiana mahali na mahali.

Chupa moja ya chanjo huwa na dozi za kuku mia au zaidi, na ikishafunguliwa haihifadhiki. Kwa hiyo patana na majirani wanaofuga mchanje siku moja. Kwa kundi dogo, chanjo ya tone la jicho ndiyo bora, maana una hakika kila kuku amepata. Ya kunywa ichanganye na maji yasiyo na klorini, kuku wakiwa wamenyimwa maji saa moja au mbili, na imalizike ndani ya saa mbili. Isafirishe na barafu. Chanjo iliyopata joto haina kazi hata kama umeitoa.

Mara moja kwa wiki ingia bandani usiku na tochi. Usiku kuku ametulia na anashikika bila purukushani. Kwanza simama kimya, usikilize. Kundi lenye afya hulala bila sauti; ukisikia mkoromo au chafya, mtafute mwenye nayo. Kisha chukua kitambaa cheupe, ukipitishe chini ya fito na kwenye nyufa zake. Kikitoka na madoa mekundu, una utitiri wekundu, wadudu wanaojificha kwenye nyufa mchana na kunyonya damu usiku. Mfugaji anayekagua mchana peke yake anaweza kukaa nao miezi asiwaone, huku kishungi cha kuku kikizidi kupauka. Safisha fito, ziba nyufa, tumia dawa iliyoruhusiwa kwa kuku wa mayai, na urudie baada ya wiki moja kuwamaliza walioanguliwa upya. Chawa na viroboto wa mwilini watafute chini ya bawa na kuzunguka mkundu. Sanduku la mchanga mkavu lililochanganywa na majivu huwasaidia kuku kujisafisha wenyewe.

Kuku mgonjwa mtenge kwanza, uliza baadaye. Kila dawa ina muda wa kutokula mayai baada ya kuitumia. Soma kibandiko na uuheshimu. Wakifa wengi kwa ghafla, usichinje waliobaki wala usiwauze: toa taarifa kwa wahusika wa mifugo, kwani yaweza kuwa mafua ya ndege, yanayompata na binadamu. Nawa mikono kwa sabuni kila utokapo bandani, na watoto vilevile.

Hatua ya nane: kumjua asiyetaga

Mshike kuku kwapani, kichwa kikielekea nyuma yako, upapase pembeni mwa tundu la kutagia. Utagusa ncha mbili za mifupa myembamba. Anayetaga, vidole viwili hadi vitatu hupita kati yake. Asiyetaga, hata kimoja hakipiti. Tundu lenyewe kwa anayetaga ni pana na lenye unyevu. Kwa kuku wenye miguu ya manjano kuna ishara nyingine: rangi hiyo huhamia kwenye viini vya mayai, hivyo aliyetaga kwa miezi mingi huwa na mdomo na miguu iliyopauka, na yule mwenye miguu inayong'aa manjano ndiye aliyekuwa akila bure.

Kabla ya kumhukumu, hata hivyo, angalia kama ananyonyoka manyoya. Kuku hubadilisha manyoya karibu mara moja kwa mwaka na husimama kutaga wiki nane hivi, wengine zaidi. Mwongezee protini, umwache. Anayeatamia bila mayai ya kuangua mtoe kiotani, umweke kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu iliyoinuliwa, na chakula na maji, siku tatu hadi nne. Hewa ikimpita chini ya tumbo, hamu humtoka.

Baada ya mwaka wa kwanza wa kutaga mayai hupungua lakini hukua, na kuku anaweza kuendelea miaka kadhaa zaidi. Usibadilishe kundi lote kwa mpigo. Lete wapya wanne wa umri mmoja, uwatenge mahali pengine wiki tatu hadi nne, na uwahudumie wa zamani kwanza, wageni mwisho, ili usibebe ugonjwa kwa viatu. Kisha waweke nyuma ya wavu ndani ya uwanja uleule kwa wiki moja hivi, waonane bila kugusana. Siku ya kuwaunganisha, wapandishe fito usiku wakati wenyeji wamelala, na kuanzia asubuhi weka chombo cha tatu cha maji na cha chakula mahali ambapo kuku mkubwa hawezi kuvilinda vyote peke yake. Watapigana siku chache. Ingilia tu ukiona damu.